Mkono wa Shangazi Kadzo

Juzi hapa Mtwapa jirani yangu alimleta mtu akate nyasi kwa mashine, ile ndogo ya kubeba begani. Mimi nilikuwa ndani nakunja nguo. Moshi ukaingia dirishani, ule moshi wa samawati wa petroli iliyochanganywa na oili, mtamu kidogo, unaokaa kooni kama sukari iliyoungua. Pikipiki za siku hizi hazina moshi huo. Zinapita mlangoni kwangu kutwa kucha wala hazinigusi. Lakini huu ulinikalisha kitandani nguo ingali mkononi, na jambo la kwanza nililofanya, kabla sijawaza lolote, lilikuwa kuutazama mkono wangu wa kulia nione kama umetulia.

Harufu hiyo kwangu ni Shangazi Kadzo, dada mdogo wa baba yangu. Tuliishi naye Marafa, kwenye boma la Hawe, ndiye nyanya yangu mzaa baba, wakati mimi nimeanza shule juzijuzi. Baba alikuwa mpishi wa hoteli Malindi, akija mwisho wa mwezi. Mama alifariki nikiwa mdogo mno hata sura yake siikumbuki. Kwa hiyo wanawake wangu walikuwa hao wawili. Hawe alikuwa wa jembe na kuni. Shangazi alikuwa wa pikipiki.

Alifanya kazi ya chanjo. Zahanati ilikuwa imempa pikipiki kuukuu, ndefu, ya kupandia milima, iliyopita mikono ya watu wengi kabla yake. Tangi lake jekundu lilikuwa limechubuka pande mbili, pale magoti yanapobana. Nyuma alifunga kisanduku cha barafu chenye dawa. Asubuhi alitoka amejifunga leso kama mwanamke mwingine yeyote, akaisukuma pikipiki polepole hadi nje ya boma, kwa heshima ya Hawe. Akishapita kona tu, leso inavuliwa, suruali inabaki, leso inafungwa kiunoni kwa fundo, kisha anapiga kiki. Akina mama wa vijiji vya ndani wakisikia mlio huo walitoka na watoto wao kumsubiri njiani. Watoto walianza kulia hata kabla hajatokeza. Sikuelewa mtu anawezaje kuisikia sauti ile akalia.

Siku zile mwanamke juu ya pikipiki alikuwa kitu cha kumfanya mtu aache kulima asimame amtazame. Hawe hakukipenda chombo kile.

"Kadzo, utazaa nini wewe na chuma hicho kinakutikisa tumbo kila siku?"

"Nikizaa, mama, nitambeba mgongoni tuendeshe sote."

Hawe alicheka akiwa amegeuka upande mwingine, ili asionekane.

Na Shangazi alikuwa na filamu yake. Sitaitaja jina, kwetu hata jina hatukulitumia, tulisema tu "ile ya pikipiki." Ilikuwa filamu ya zamani tayari wakati huo, na jumba la sinema la Malindi lilikuwa likiirudisha kila walipokosa kitu kipya. Ikirudi, baba alituma habari kwa dereva wa basi, na Jumapili ikifika Shangazi alinivalisha gauni langu la kanisani tukaenda kuiangalia katika onyesho la mchana. Viti vilikuwa vya mbao, vinabana mapaja. Palinuka njugu, jasho na choo. Feni zilizunguka juu bila kuleta upepo wowote.

Taa zikizimwa, jangwa lilifunguka mbele yetu. Wanaume wengi wamejipanga kwa pikipiki zao, vumbi, halafu wote wanaondoka mara moja kama nyuki waliochokozwa. Filamu ilikuwa imechakaa, imejaa mikwaruzo ya kusimama, nami niliamini kule jangwani kunanyesha mvua ambayo haimloweshi mtu. Milima ya pale ilikuwa myekundu na myeupe, imechanikachanika, sawa kabisa na Nyari, lile bonde letu la Marafa ambako udongo umemeguka ukabaki umesimama kama nguzo. Kwa hiyo nilijua filamu imepigwa kwetu. Nilichojiuliza ni kwa nini hatukuwaona walipokuja.

Kulikuwa na kipande kimoja Shangazi alichokisubiri. Kabla ya kipande hicho alikuwa akinishika goti. Kiooni ulitokea mkono, mkono mtupu, mkubwa kama nyumba, umeshika mshikio wa mafuta. Ulijikunja polepole. Ngurumo ikajaza jumba zima. Halafu mkono unatoweka, na mbali kabisa, juu ya kilima, pikipiki ndogo kama nzi inaruka korongo, inakaa hewani muda ambao kitu kizito hakipaswi kukaa, inatua ng'ambo ya pili.

Mtu mzima anaelewa kwamba mkono na pikipiki ni vya mtu mmoja. Mimi sikuelewa hivyo. Mimi niliona mkono uko hapa na pikipiki iko kule. Nikaelewa kwamba kuna mikono ya aina hiyo duniani, inayojikunja mahali pamoja ikaendesha chuma kilicho mbali. Sikumuuliza mtu. Jambo lilikuwa wazi mno.

Baada ya filamu hiyo Jumapili zetu nyingine zilibadilika. Tukitoka kanisani Shangazi alinipakia mbele yake, kifua changu juu ya tangi, tukaenda uwanda ulio juu ya Nyari. Ananishusha kwenye kivuli cha kichaka, ananipa kofia yake ngumu niishike kwa sababu ilikuwa kubwa inamziba masikio, naye alitaka kuisikia mashine. Kisha anapanda na kushuka vile vichuguu vya mchanga mpaka jua lipungue makali. Alikuwa akisimama juu ya vikanyagio, magoti yamelegea, pikipiki inacheza chini yake huku yeye mwenyewe ametulia. Siku moja aliruka kijikorongo. Kilikuwa kidogo, mbuzi angekivuka bila kukimbia, lakini magurudumu yote mawili yaliacha ardhi, nami niliyaona. Alirudi uso umejaa vumbi jekundu, meno tu ndiyo meupe.

"Umeona, Dama?"

"Nimeona."

"Hawe asijue."

Hata leo sijui kama niliwahi kumwona mtu mwingine mwenye furaha kama ile.

Hakuangukia Nyari. Watu walipenda kusema hivyo baadaye, lakini aliangukia njia ya kawaida, siku ya kazi, akienda polepole na kisanduku chake cha dawa. Mchanga ulikuwa mwingi, ng'ombe akatoka vichakani, pikipiki ikamlalia mguu. Alikaa hospitali ya Malindi muda mrefu hata nikasahau sauti yake inavyoitikia hodi. Aliporudi goti lilikuwa limekataa kukunjika. Mguu wa kushoto ulitangulia mbele yake umenyooka kama mchi, na mikongojo miwili ya mbao ikamchimba kwapa. Pikipiki ilitengenezwa upesi kuliko yeye. Ikapewa kijana mwingine, Randu, mwenyeji wa Matsangoni.

Randu alikuja kumsalimu kabla hata hajaanza kazi. Kijana mrefu, mwenye aibu, shati limechomekwa vizuri. Alisimama nje akapiga hodi mpaka Hawe akamwambia aingie.

"Shikamoo, Da Kadzo."

"Marahaba. Ndiwe uliyepewa?"

"Ndimi."

"Basi sikiliza. Inavuta kulia, usipigane nayo, iache ivute. Na pale korongoni, ukishuka kutoka mikanjuni, ukate mafuta mapema. Mvua imekula ukingo."

"Nimesikia." Akaangalia chini, kisha akatabasamu. "Ile filamu unayoipenda, nami nimeiona. Waliniambia wewe hukosi."

Shangazi alicheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Wakaanza kuihadithiana, huyu anaanza yule anamalizia, mikono juu, mpaka chai ikapoa.

Randu alipita kwetu kila Jumatano. Mlio wake ulianza kusikika mbali, juu kwenye kilima cha shule. Kutoka hapo njia hushuka, hupita kwenye mikanju, yaani mikorosho, hutumbukia korongoni, kisha hupanda hadi mbele ya boma letu. Shangazi alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni, mguu umenyooshwa mbele, ungo wa mchele mapajani. Jumatano ya kwanza nilikuwa nimekaa karibu naye. Mlio ulipoanza, mkono wake wa kulia ulitoka kwenye mchele. Ukashika hewa. Ukajikunja.

Na kule mbali pikipiki ikanguruma.

Kidole cha mkono wa kushoto kikabana, kikaachia. Kule mbali gia ikabadilika. Mkono ukalegea kidogo. Sauti ikashuka kwenye mikanju. Mambo yalikuja kwa utaratibu huo: mkono kwanza, sauti baadaye. Nilimtazama usoni. Alikuwa ameangalia mchele, midomo imefunguka kidogo, kama mtu anayeota. Sidhani alijua kwamba mkono wake unatembea. Pikipiki ikapanda kutoka korongoni, Randu akatupungia, akapita, na mkono ukarudi kwenye mchele kama kuku aliyefukuzwa jikoni.

 Niliufahamu mkono ule. Nilikuwa nimeuona mkubwa kama nyumba.

Tangu hapo nilijua kwamba Randu anakaa tu juu ya kiti. Anayeendesha ni Shangazi. Kwanza nilifurahi, maana ilikuwa siri nzuri na ilikuwa yetu. Baadaye ikaanza kunitia hofu, hasa mkono ulipojikunja Jumanne, au Ijumaa tukiwa tunakula, wakati hakuna mlio wowote. Nilijiuliza sasa anaendesha nini, na wapi.

Jumatano yenyewe ilikuja baada ya mvua za masika. Hewa ilikuwa safi, sauti zinafika kutoka mbali. Mama Sidi, jirani yetu, alikuwa amekuja kuomba moto, amesimama na kigae chake chenye makaa anazungumza na Hawe. Mlio ukaanza kilimani. Ulikuwa mkubwa kuliko siku nyingine, na wa furaha, kama mtu anayeimba njiani kwa kuwa yuko peke yake. Mkono wa Shangazi ukatoka. Ukajikunja, ukajikunja tena. Mara akainua kichwa.

"Punguza," akasema.

Mama Sidi akageuka kumtazama.

"Punguza, Randu. Kata. Kata mafuta, mwanangu, kata!"

Mkono wake ukafunguka ghafla, vidole vyote vimetanuka. Kule chini sauti ikapanda juu sana, nyembamba, kama gurudumu linalozunguka bila kugusa kitu. Halafu kukawa kimya. Nakumbuka kuku waliendelea kuparura. Nakumbuka Mama Sidi alikuwa haangalii njia. Alikuwa akiangalia mkono.

Randu walimkuta korongoni. Alifika Malindi akiwa hai, lakini hakurudi.

Sijui neno lile, mchawi, lilisemwa kwanza na nani. Najua tu kwamba halikusemwa mbele yetu. Kisimani wanawake walinipisha niteke maji haraka niondoke. Mmoja alinishika bega kwa upole, akainama. "Dama, wewe ulikuwepo. Shangazi yako alifanya nini kwa mkono?" Nikafungua mdomo, na Hawe, ambaye sikujua yuko nyuma yangu, akanivuta hata maji yakamwagika.   Mimi sikujua wanawake wale wanadhani nini. Nilidhani wamegundua ninachokijua. Na nilichokijua kilikuwa hiki, kwamba Shangazi alifungua vidole na Randu akaanguka. Usiku huo nilihamia kwenye kitanda cha Hawe. Shangazi aliona nikibeba shuka langu. 

Kisha wakaja vijana. Alasiri, jua bado kali. Walisimama nje ya ua wetu, Hawe akawasalimu, na hawakuitikia. Kwetu mtu haachi kuitikia salamu ya bibi mzee hata kama amemkasirikia. Hawe alirudi ndani, akakaa chini, akasema, "Wameacha kuitikia." Akamtuma mtoto wa shule Malindi kwa basi akamwite baba. Na Shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi siwezi kukimbia."

Nyumba nyingine nilizijua ambazo vijana waliwahi kusimama nje yake hivyo. Moja ilikuwa majivu, mkorosho umeota katikati.

Baba alikuwa hajafika bado siku ya pili yake, alipokuja mwanamke tusiyemjua. Alikuwa amevaa kaniki, miguu ina vumbi la safari ndefu. Wale vijana walikuwa nyuma yake, na watu wengine wengi, na Mama Sidi miongoni mwao. Wote walisimama kama watu wanaongoja kitu kilichokwisha kuamuliwa. Mwanamke akapiga hodi.

"Karibu," akasema Shangazi pale kwenye kigoda. Hakuweza kuinuka upesi.

"Mimi ni mamake Randu."

Hawe akaja mbele kana kwamba atasimama kati yao. Shangazi akamzuia.

"Makiwa, mama," akasema.

 Mwanamke akaja akaketi chini, mchangani, karibu na ule mguu ulionyooka.  Kisha akasema, wala hakupaza sauti:

"Wameniambia ulikuwa ukimsikia."

"Ndiyo, mama. Nilimsikia."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Mimi nilikuwa Matsangoni, natwanga." Akafuta uso kwa ncha ya kaniki. "Sikusikia chochote. Mtoto wangu anakwenda na mimi natwanga, sijui lolote. Wananiambia umemwua kwa mkono. Nionyeshe huo mkono."

 Shangazi akainua mkono wa kulia.  Mwanamke akauchukua, akaugeuza, akaangalia kiganja, ile sugu iliyobaki chini ya kidole gumba. Kisha akauweka wake juu, kama mama anavyoshika mkono wa mtoto anayejifunza kuandika.

"Niambie alivyokuja."

Shangazi akafumba macho. Mkono ukashika hewa, na mkono wa yule mama juu yake.

"Hapa yuko kilimani pa shule," akasema. "Njia ni kavu, haina mashimo. Anavuta mafuta. Hivi. Alikuwa na furaha, mama, nakuapia, mashine haifichi. Hapa kuna watoto wanavuka, siku zote wanavuka, anapunguza. Umeona? Alipunguza kwa ajili yao. Sasa ni mikanjuni. Kivuli. Barabara ni laini, tamu, hata mimi pale nilikuwa nikiacha mashine ijiendee. Anaongeza. Anaongeza tena. Hapa ndipo nilipomwambia apunguze. Nilimwambia, mama. Njia ile ninayo mwilini, najua kila mahali mkono unapotakiwa kukunjika na unapotakiwa kuachia, nami nikaachia, nikadhani…" Akashindwa. "Nikadhani nikiachia mimi, ataachia."

Vidole vyake vikafunguka, na vya yule mama vikafunguka pamoja navyo.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Hawe, nimeshika leso yake. Niliona mkono wa mama Randu ukiwa umebebwa na ule mwingine, ukienda ulikokwenda, na hakuna pikipiki iliyonguruma popote. Njia ilikuwa kimya. Ndipo nikajua kwamba mkono wa Shangazi haukuwahi kuendesha kitu. Ulikuwa ukikumbuka. Sikuwa na maneno ya kulisema hilo, lakini nilitoka nyuma ya Hawe nikaenda kukaa pale nilipokuwa nikikaa siku zote, karibu na ungo.

Watu walianza kuondoka bila kuagana. Mama Sidi aliondoka kwanza. Mmoja wa wale vijana, alipomfikia Hawe, alisema "shikamoo" akiwa ameangalia chini, na Hawe akachelewa kuitikia, kwa makusudi kabisa, kisha akaitikia.

Baba alipofika alituchukua sote. Hakutaka kungoja aone kama maneno yataisha. Hayakuisha kabisa, miaka mingi baadaye bado kulikuwa na mama fulani wa Marafa ambaye hangekubali Shangazi amshikie mtoto. Tulihamia Mtwapa, vyumba viwili vya kupanga, na Shangazi akapata kazi ya kupima watoto uzito kwenye kliniki, akiwa ameketi. Jumba la sinema la Malindi nalo lilifungwa. Alizeeka vizuri. Tulimzika mwaka juzi, na hakuwahi tena kupanda pikipiki, hata za kukodi. Lakini nikiwa nimelala kando yake, nilikuwa nikihisi mkono ukijikunja usingizini, nami niliuacha.

Siku ile yenyewe iliisha hivi. Uwanja ulikuwa umebaki mtupu, Hawe ameingia ndani kuchemsha chai. Wale wawili walikuwa bado wamekaa vilevile, mkono juu ya mkono, hakuna anayeondoa wake. Jua lilikuwa limeingia mlangoni na kuwapiga magotini. Mama Randu akavuta pumzi.

"Nianzie tena kule kilimani," akasema. "Na ukifika mikanjuni, nenda polepole."